Fundi Aliyeziba Mguu kwa Gundi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mtu mwenye siri alipita mbali na kibanda cha Fundi Soli. Fundi hakuwa mchawi wala mpelelezi. Alikuwa fundi viatu tu, mwenye aproni iliyokakamaa kwa gundi, misumari sita imebanwa kati ya midomo, na macho ambayo yakishatua kwenye soli ya kiatu chako yanakujua kuliko mama mkwe wako.

Mchezo ulikuwa hivi. Unampa mwenzako kiatu chako akiweke mezani, wewe unajichanganya na watazamaji, uso mkavu kama vile umepita tu kuuliza njia. Fundi anakigeuza kiatu, anapitisha kidole gumba kwenye kisigino, anazamisha mkono ndani mpaka kwenye vidole, ananusa. Ndiyo, ananusa, na umati wote unasema "uuuh!" Kisha anatema misumari kiganjani na kuanza kukusoma.

"Huyu ni mwalimu," alisema Jumamosi moja. "Anasimama kutwa, anaegemea kulia. Mguu wa kushoto anagongea chini akikasirika. Na anakasirika sana! Tena kiatu hiki si saizi yake. Alikipendea rangi."

Mwalimu alikuwepo, na masikio yalimwiva kama nyanya.

Sheria ilikuwa moja, imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa juu wa kibanda: FUNDI AKISEMA, MWENYE KIATU ANAFANYA. LEO LEO. Hakuna rufaa. Mwalimu aliondoka siku hiyo na malapa ya kuazima. Askari mmoja aliambiwa buti zake zitupwe jalalani, akazitupa, akarudi lindoni pekupeku. Kinyozi wa jirani, kijana mwenye mdomo usio na breki, aliambiwa aachane na vile viatu vyake vyenye ncha kama penseli. Aliachana navyo, ila hakusamehe. Alikuwa anangoja siku yake.

Sasa sikia kichekesho. Huyu bingwa aliyejua miguu ya mtaa mzima alikuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huo, na miguu miwili pekee asiyoijua ilikuwa ya kwake.

Daktari wake wa kwanza alikuwa sisimizi. Usinicheke, mcheke yeye. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya choo kukagua kama sisimizi wamekusanyika pale alipokojoa. Wakiwa wengi, anameza vidonge siku mbili. Wasipokuja, anajipongeza na kuongeza sukari kwenye chai. Daktari wa pili alikuwa bwana mmoja mwenye kipaza sauti na poda ya kijivu, poda inayotibu magonjwa arobaini na moja, ukosefu wa kazi ukiwemo. Daktari wa tatu alikuwa dirisha la duka la dawa, ambapo Fundi aliinama na kunong'ona, "Nipe zile nyeupe," bila kusema nyeupe zipi, na muuzaji alimpa bila kuuliza.

Kliniki ya hospitali ilikuwa ya mwisho kabisa. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliisema hadharani: nesi wa pale anamfokea kama mtoto aliyekojoa darasani. Ya pili aliimeza. Kaka yake mkubwa, naye mwenye sukari, aliingia hospitali kwa miguu miwili akatoka na mmoja na magongo. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa na hakika moja kifuani: kule wanakata. Kwamba kaka alikaa na kidonda miezi minne akikipaka majani kabla ya kwenda, hilo Fundi alilivuka kama mtu anavyovuka dimbwi, suruali imepandishwa juu.

Zamani miguu yake iliwaka moto kama amekanyaga makaa. Halafu mwaka huo ikanyamaza. Kimya kabisa. Fundi akasherehekea.

"Imepona!" alimwambia mkewe. "Ile poda ni kiboko."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa dobi. Alikuwa na beseni nne, kamba ndefu kuliko ya mtu yeyote, na tabia ya kuliangalia doa kama hakimu anavyomwangalia mshtakiwa.  Mwezi uliofuata alikuta doa kwenye soksi ya mumewe, mguu wa kulia, chini ya kidole gumba. Akalifua. Kesho likawepo. Akalifua kwa maji moto. Kesho kutwa likawepo, tena limepanuka.

"Baba Pacha, hebu nione mguu wako."

"Wa nini? Unataka kuufua?"

"Soksi ina doa."

"Gundi hiyo. Imeyeyuka na joto."

Hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa anasema ukweli nusu. Chini ya kidole gumba aliota sugu, ngozi ngumu nene kama kipande cha tairi. Mtu mwingine angeuliza. Fundi aliitazama kifundi: ngozi imezidi, ngozi ipunguzwe. Akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono, akajichonga. Kisu kikazama kidogo kupita kiasi, pakabaki ufa. Naye dawa ya ufa anaijua! Akafungua kopo la gundi ya viatu, akapaka, akapuliza ikauke, akabana. Wala haikuuma. Mwenye akili timamu angeogopa hapo hapo. Fundi alijisifu.

"Mume wangu, twende kliniki," Mama Pacha alisema, safari hii taratibu.

"Mguu hauniumi, niende kufanya nini? Kusalimia?"

"Ndiyo maana naogopa. Hauumi."

"Ulimwona kaka alivyorudi? Ulimwona?" Akaivuta soksi juu. "Wakiniona tu, msumeno. Mimi huu mguu nimezaliwa nao, nitazikwa nao. Usinitajie tena."

Aliuficha mguu chini ya benchi kama mwizi anavyoficha kuku. Mama Pacha alibembeleza, akanuna, akagoma kupika siku mbili, akapika tena kwa huruma. Hakufua dafu. Ndipo Ijumaa jioni, Fundi akiwa bafuni anaimba, dobi akapata wazo lililomfanya aweke beseni chini na kucheka peke yake.

Aliingiza mkono kwenye kiatu cha kulia cha mumewe, akang'oa soli ya ndani, ile ngozi nyembamba ambayo mguu unaikalia. Isingeweza kumsaliti mapema. Mwaka ule Fundi alikuwa amenunua ngozi ya kochi kuukuu na kukata soli za ndani kwayo, kwa hiyo nusu ya mtaa ilitembea juu ya kochi lile lile. Mahali pake akaweka kipande alichokata kwenye blanketi lao la mistari. Ile ngozi akampelekea kinyozi usiku huo huo.

Kulipokucha Fundi alivaa, akafunga kamba, akaondoka akipiga mluzi. Hakuhisi tofauti hata chembe. Mama Pacha alibaki mlangoni akimtazama. Kicheko cha jana kilimwishia chote.

Saa nne palifurika. Wavuta mkokoteni walikuwepo, mwalimu na malapa yake, wauza mboga wawili walioacha biashara ijiuze. Saa tano na nusu, viatu vya wengine vimeshasomwa, kinyozi akapita katikati, mikono nyuma, meno yote nje.

"Fundi, leo hakuna kiatu."

"Sasa umekuja na nini, kichwa chako?"

"Nimekuja na hii." Akaiweka soli ya ndani mezani. "Kiatu kizima hata bibi yangu anakisoma. Soma hii tupu. Au umezeeka?"

"Haaa!" umati ukawaka.

Fundi alitema misumari. "Leta kiti," alisema, ingawa alikuwa amekikalia. Watu wakacheka, naye akanogewa. Akainyanyua soli juu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwanaume. Mtu mzima, amevuka hamsini. Kazi yake ya kukaa, ona kisigino hakijalika. Mbishi huyu!"

"Ubishi unaonekana kwenye soli?" aliuliza muuza mboga.

"Unaonekana. Soli ilitakiwa kubadilishwa zamani, amegoma." Vicheko. "Sasa vidole. Tazameni, alama za vidole zimerudi nyuma, vimejikunja kama kucha za ndege. Na uzito wote anautupa hapa mbele, chini ya kidole gumba. Hapa ndipo—"

 Akaisogeza puani. Mtaa ukajiandaa kusema "uuuh", lakini sura yake iliwazuia.

"Huyu ana kidonda," alisema, utani wote umemwishia. "Si cha jana. Wiki tatu, labda nne. Kinatoa maji." Kidole chake kikagusa kitu. "Na ngojeni. Kuna msumari."

Ulikuwa msumari mdogo wa viatu, umetokeza kichwa tu, umelala kwenye ngozi. Akauinamisha kwenye jua. Ulimetameta.

"Mnaona unavyong'aa? Msumari ukikaa tu kiatuni haung'ai. Huu umeng'arishwa kwa kukanyagwa. Siku nyingi! Mimi na wewe tungepiga kelele hatua ya pili. Huyu ametembea juu yake kama zulia. Mguu wake umekufa ganzi, jamani, hana habari."

"Sasa afanyeje?" Ilikuwa sauti ya Mama Pacha, nyuma ya watu.

"Afanyeje? Hospitali! Sasa hivi! Tena asikanyage chini, abebwe. Ngozi ikishaoza kwa ndani huwezi kuiona kwa nje, mimi ngozi naijua. Akingoja wiki nyingine, mguu huo si wake tena."

"Umesema?" kinyozi aliuliza, akijikaza asicheke na asilie.

"Nimesema!"

"Sheria ya meza?"

"Sheria ya meza!" Fundi akagonga nyundo. "Nani huyo mpumbavu? Ajitokeze!"

Hakuna aliyejitokeza. Watu waliangaliana. Fundi akaishika tena soli kwa hasira, na kidole gumba chake kikapita juu ya punje ndogo ya njano, ngumu, inayonata kidogo ukingoni. Akaikwaruza kwa ukucha. Akainusa. Gundi ile ilikuwa kwenye aproni yake, kwenye nywele za mikono yake, kwenye chai yake kila siku ya Mungu.

Taratibu aliinama. Akavua kiatu cha kulia. Akaingiza vidole viwili, akavuta, na kipande cha blanketi la mistari kikatoka, mbele ya watu wote, blanketi ambalo alikuwa amejifunika hadi asubuhi ile.

Hata kinyozi hakusema neno. Fikiria!

Mama Pacha alipita katikati. "Baba Pacha," alisema, "ubaoni pale pameandikwa nini?"

"Mke wangu, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nyumbani nimekubembeleza mwezi mzima, hukusikia. Pameandikwa nini?"

Fundi alitazama juu.  "Watakata," alinong'ona.

"Umesema mwenyewe wiki nyingine hautakuwa wako. Wiki hii bado ni wako. Twende nao ukiwa wako."

"Kliniki ya miguu Jumamosi inafunga saa sita!" mwalimu alipiga kelele. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Basi hapo ndipo mtaa ulipopagawa. Mkokoteni ulimwagwa matofali yake pale pale barabarani. Fundi alinyanyuliwa na kiti chake, aproni yake na nyundo mkononi, akapandishwa juu kama bwana harusi. Wavuta mkokoteni walishika mbele, kinyozi na askari wakasukuma nyuma, Mama Pacha akakimbia pembeni akiushika mguu wa kulia usiguse kitu.

"Pisheni! Mguu unapita!" kinyozi alipayuka. "Pisheni mguu!"

"Nyinyi, polepole, mtaniua kabla ya daktari!"

"Kaa vizuri, mzee, kona hiyo!"

Kona ilichukuliwa kwa gurudumu moja. Mbwa wakajiunga. Watu walitoka madukani wakidhani ni uchaguzi, wengine wakapunga mikono, na Fundi, roho mkononi, akajikuta anawapungia.

Walifika nesi akiwa na ufunguo mlangoni. Yule yule.

"Tumefu—" Akaona mkokoteni. Akaona nani kakaa juu. "Wewe! Miezi kumi na moja hujaonekana!"

"Shikamoo, dada nesi," alisema Fundi, mtu wa kumzidi miaka ishirini, kwa jinsi hofu ilivyomchanganya.

"Marahaba, baba, ingia. Bila kukanyaga!"

Ndani alilazwa kitandani, soksi ikavuliwa. Nesi aliinama, akavaa glavu, akagusa.

"Hii ya njano ni nini?"

Fundi akatazama dari.

"Baba, nakuuliza."

"Gundi."

"Gundi ya nini?"

"Ya viatu."

Nesi akanyooka polepole. "Na hiki ni kiatu?"

"Hapana, dada."

"Umekipiga na rangi pia, au hukufika huko?"

Mama Pacha aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Usingejua kama ni kicheko au kilio, na yeye mwenyewe hakujua. Nesi alimpima sukari: ishirini na mbili, karibu mara tatu ya kawaida. Kisha akatoa uzi mfupi wa nailoni, mgumu kama unywele wa farasi.

"Fumba macho. Nikikugusa chini ya mguu, sema ndiyo."

Fundi akafumba. Akangoja. Akasikia saa ya ukutani. "Ndiyo," alisema, mara moja tu. Akangoja tena.

"Anza basi, dada nesi, usiniweke roho juu."

"Nimeshamaliza. Sehemu kumi." Sauti yake haikuwa ya kufoka tena, na hilo lilimtisha kuliko kufokewa. "Umesema ndiyo mara moja, baba. Hiyo mara moja nilikuwa nakohoa."

Machozi yakamtoka Fundi, bila aibu. Alikuwa amesoma maelfu ya miguu kwa ncha ya kidole, na hapa ameguswa mara kumi hajui. "Yaani ule moto ulipozima," alisema, "haikuwa kupona."

"Mishipa ya fahamu ilikuwa inakufa. Mguu ulikuwa umeacha kukuita tu."

Daktari, aliyekuwa tayari na begi begani, aliitwa. Akalisafisha dude lote, gundi na ngozi iliyooza, akapima kina cha kidonda kwa kijiti cha chuma, akaagiza picha ya mfupa. Kuingoja picha ile kulikuwa kurefu kuliko miaka tisa. Fundi alimshika mkewe mkono, mkono mkavu wa sabuni, na hakuuachia. Nje, mtaa mzima ulikaa ukutani, kinyozi akiwa ameushika msumari ule kwenye karatasi kama ushahidi.

Daktari alirudi, akaiinua picha kwenye taa.

"Mfupa ni mzima," alisema. "Kidonda hakijaufikia."

"Hamkati?"

"Tukate nini? Wengi tunaowakata ni wale wanaokuja mwisho, baada ya kuzunguka kote. Wewe umekuja mapema kidogo, kwa mkokoteni. Ila sikia: vidonge kila siku, si kwa ruhusa ya sisimizi." (Mama Pacha alikuwa ameshamwambia yote, hakumwachia hata moja.) "Kusafishwa hapa kila wiki. Na usikanyagie upande wa mbele mpaka niseme."

Kelele zilizotoka pale nje kinyozi alipotangaza "Haukatwi!" ziliamsha wodi ya wazazi, na watoto wachanga wakajibu kwa pamoja.

Haikuwa mteremko. Alipewa kiatu maalumu chenye soli nene upande wa kisigino tu, ili mbele pasibebe uzito, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukigeuza na kusema, "Nani kashona hiki? Alikuwa anakimbizwa?" Wiki ya nne kidonda kiligoma kusogea, sukari ikapanda. Alipigwa marufuku visu, gundi na bwana wa poda. Kila asubuhi Mama Pacha alimwekea kioo sakafuni, naye akausoma mguu wake: hapa pekundu, hapa pakavu, hapa sipaelewi, niitie nesi. Kiatu hakuvaa kabla ya kukigeuza na kukikung'uta, kisha kuingiza mkono mpaka kwenye vidole, kama alivyofanya kwa viatu vya watu wengine maisha yake yote.

Wiki ya kumi na mbili, Jumamosi, saa nne. Kaka mkubwa alikuwepo, magongo yake yameegemea meza. Kinyozi akapita katikati ya watu, akaweka soli ya ndani mezani.

"Leo Fundi hasomi," alitangaza. "Leo anasomwa."

Mama Pacha akaichukua, mikono bado ina povu. Akaigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole chini ya mahali pa kidole gumba, mara mbili, kama dobi asiyeamini kirahisi kwamba doa limetoka. Akanusa. Hakuna aliyesema "uuuh". 

"Mwanaume," alisema. "Amevuka hamsini. Kazi ya kukaa. Anatembea kama mtu aliyebeba mayai, na aendelee hivyo hivyo." Akanyamaza kwa makusudi, maana na yeye alikuwa ameujua utamu wa umati. "Kavu!"

"Kavu?" aliuliza Fundi, ingawa nesi alikuwa ameshamwambia jana yake.

"Kavu kabisa! Vidole vitano, vyote vipo. Mbishi bado!"

Kaka mkubwa aligonga gongo mezani mpaka misumari ikaruka, na mtaa ukalipuka. Fundi alisubiri watulie, macho yamemjaa maji, kisha akachukua chaki, akapanda juu ya kiti, akashushwa na mkewe kwa kukatazwa kupanda kiti, akamkabidhi chaki kinyozi. Chini ya sheria ya zamani ikaandikwa nyingine, kwa mwandiko mbaya kuliko wote mtaani: KABLA YA KIATU, VUA SOKSI.

"Haya," alisema Fundi, akimtazama muuza mboga mmoja aliyekuwa anarudi nyuma kidogo kidogo. "Wewe mwenye kuchechemea tangu Jumatano. Njoo hapa."